Bibi wa Benchi la Jumanne

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni mkimenya ndizi, mlioko shambani mkipalilia, na ninyi wa Pasua na Njoro mlioketi dukani mkisubiri wateja, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu hamkumjua kwa jina. Lakini kama umewahi kumpeleka mtoto kupasuliwa hapa Moshi, siku ya Jumanne, huenda ulimwona. Huenda alikuuliza swali. Huenda ulimkasirikia.

Aliitwa Mektrida. Mektrida wa Uru. Mkulima wa kahawa na ndizi, mfugaji wa ng'ombe mmoja, mjane, mama wa watoto wanne. Amefariki akiwa na miaka sabini na minane. Hakuwa muuguzi. Hakuwa daktari. Hospitali haikumwajiri hata siku moja. Lakini kwa zaidi ya miaka kumi, kila Jumanne, alishuka kutoka Uru akaja kukaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji wa watoto. Hakuwa na mgonjwa pale. Alikuja kwa ajili ya watoto wa watu wengine.

Leo tunasimulia jinsi alivyofika kwenye benchi lile.

Kwanza tusidanganyane. Msibani kila marehemu ni mpole, lakini Mektrida hakuwa mpole. Majirani zake wa Uru wanacheka wakimtaja. Mzee Wenseslaus, ambaye wamepakana mashamba, ametuambia hivi: "Ng'ombe wake akila mgomba wangu, mwenye kosa ni mimi. Ataniuliza, kwa nini uliupanda hapo wakati unajua ng'ombe anapita? Lakini nikiugua, supu ya kwanza kufika kwangu ni ya Mektrida. Sasa mtu kama huyo utamfanya nini?"

Ndivyo alivyokuwa. Mdomo mkali, mkono mwepesi wa kutoa. Na kwake yeye, jambo la aibu kuliko yote duniani lilikuwa mtu kutoka nyumbani kwake na njaa. Hasa mtoto. Na kuliko watoto wote, mtoto mmoja.

Mtoto huyo ni Fabian, mjukuu wake. Mama yake anaitwa Doris, fundi cherehani wa Pasua, binti wa mwisho wa Mektrida. Fabian ni mtoto wa pili wa kiume wa Doris, na huku kwetu mlimani mtoto wa pili wa kiume hupewa jina la babu mzaa mama. Babu huyo, mume wa Mektrida, alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka mingi. Kwa hiyo Mektrida alipompakata kile kichanga hakumwita Fabian. Alimwita meku. Meku, wasikilizaji, ni mzee. Mtoto hajaota jino, anaitwa mzee!

Haikuishia kwenye jina. Meku akienda Uru alikaa kwenye kiti cha babu yake, miguu ikining'inia. Chakula kikiiva, meku ndiye wa kwanza kutengewa, wajomba wanasubiri. Doris alikuwa akilalamika: "Mama, unaniharibia mtoto." Mektrida anamjibu: "Huyu si mtoto wako, huyu ni mume wangu. Uliona wapi mke anakula kabla ya mume?" Basi watu wanacheka, na meku anaongezewa mtori wa ndizi.

Fabian alipofika miaka mitano, Doris aliona uvimbe kwenye kinena chake wakati wa kumwogesha. Unatokea, unarudi. Akampeleka hospitali, akaambiwa ni ngiri. Si ugonjwa wa kutisha kwa mtoto. Unapasuliwa, unashonwa, mtoto anarudi nyumbani. Lakini ukiachwa muda mrefu, utumbo unaweza kunasa pale na kubanwa, na hapo inakuwa hatari. Akapangiwa siku. Ilikuwa Jumanne.

Doris akapewa maelekezo: mtoto asile chochote kuanzia usiku, na asubuhi asipewe maziwa wala uji. Akaitikia. Akamwambia mama yake kwa simu, naye akaitikia. Waliambiwa cha kufanya. Hakuna aliyewaambia kwa nini.

Doris naye alikuwa na kosa lake, na amekubali tuliseme hewani. Hakumwambia Fabian ukweli. Alimwambia wanakwenda kupiga picha ya shule. Akampigia pasi sare, akampaka mafuta usoni. "Niliona nikimwambia atalia njia nzima," anasema Doris. "Wote tunafanya hivyo. Mtoto anapelekwa sindano, unamwambia tunaenda kwa shangazi."

Mektrida alikuwa ameshuka kutoka Uru siku moja kabla, na mkungu wa ndizi na maziwa ya ng'ombe wake. Baba yake Fabian ni dereva wa lori, alikuwa safarini, kwa hiyo bibi alikuja kumshika binti yake mkono.

Asubuhi ile Doris yuko ndani anapiga pasi. Fabian yuko uani, analia njaa. Anataka chai, anaambiwa hakuna. Anataka andazi, anaambiwa subiri. Mektrida amekaa kwenye kigoda anamtazama. Kuna neno lilikuwa linamzunguka kichwani tangu jana yake: nusu kaputi. Mtoto atalazwa nusu kaputi. Kwa watu wa umri wake, nusu kaputi ni safari ya kwenda karibu na kifo na kurudi. Sasa anajiuliza, meku aende safari kama hiyo na tumbo tupu? Nguvu ya kurudi ataitoa wapi?

Akainuka. Akapasha maziwa kidogo kwenye jiko la mkaa, akamimina kikombe. Kikombe kimoja, kimejaa. Fabian akanywa chote, akajifuta mdomo kwa mkono wa sare. Bibi akamwambia, "Meku, hii ni siri yetu. Mama yako asijue."

Kikombe kimoja cha maziwa, wasikilizaji wapendwa. Kilitolewa kwa upendo. Tunalisema mapema ili lieleweke: hakuna aliyetaka kumdhuru yule mtoto.

Walipofika hospitali, muuguzi wa mapokezi akauliza, mtoto amekula? Doris akajibu bila kusita: "Hajala kitu tangu jana jioni." Aliamini anachosema. Walipofika wodini wakaulizwa tena, Doris akajibu vilevile. Mektrida kimya. "Mama alikuwa anafunga kanga yake, anaifungua, anaifunga tena," anakumbuka Doris. "Nikadhani ni baridi."

Kwa nini alinyamaza? Baadaye alieleza mwenyewe, mara nyingi. Alijua wakisikia watarudishwa nyumbani, na siku ile ilikuwa imesubiriwa muda mrefu. Aliona aibu mbele ya binti yake. Na moyoni alidhani ni utaratibu tu wa waganga, kama ule wa kuvua viatu mlangoni. Maziwa yatafanya nini?

Kisha akaja mtaalamu wa usingizi. Anaitwa Eliakim, mtu wa Sanya Juu, mrefu, mwenye sauti ya chini. Kazi yake ni kumlaza mgonjwa kwa dawa, kumlinda akiwa amelala, na kumwamsha. Fabian alipoona nguo zake za kijani, na vitanda, na watoto wengine wamevalishwa magauni, akaelewa kwamba hakuna picha. Alipiga kelele wodi nzima ikageuka. "Mmenidanganya! Mmenidanganya!" Akamrukia bibi yake shingoni, akang'ang'ania.

Eliakim ametueleza: "Mtoto aliyedanganywa mara moja anaogopa kila kitu baada ya hapo. Ukimwambia hapa hapaumi, hakuamini. Ukimwambia utaamka, hakuamini. Nikaona mtu pekee anayemwamini ni yule bibi. Nikasema, basi na bibi aingie naye, ampakate hadi alale."

Wakamvalisha Mektrida gauni la hospitali na kofia. Akaingia. Mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi kulazwa, watoto wake wote alizalia nyumbani, sasa yuko katikati ya mashine, mtoto yuko mapajani.

Eliakim akavuta kiti akakaa chini, usawa wa macho ya mtoto. Akampa ile maski ya hewa aishike. Akamwachia aigeuzegeuze, ainuse, amvalishe bibi yake kwanza. Fabian akacheka kidogo kumwona bibi na maski. Kisha Eliakim akaanza kumweleza, taratibu, kama anayeongea na mtu mzima. Akamwambia utapulizia humu kama unapulizia puto. Utasinzia. Mikono yako italala, miguu yako italala. Hata koo lako litalala.

"Koo lina mlinzi wake," akamwambia. "Ukila, mlinzi anafunga njia ya hewa ili chakula kisiingie kwenye mapafu. Sasa ukilala kwa dawa hii, mlinzi naye analala. Kama tumboni kuna kitu, kinaweza kupanda juu kikaingia kwenye mapafu, na mtoto akashindwa kupumua. Ndiyo maana tuliwaambia usile. Umekaa na njaa tangu jana, eti? Wewe ni shujaa."

Fabian akageuza kichwa, akamtazama bibi yake.

Mektrida alisema mara nyingi kwamba hakuna kitu kilichowahi kumtazama kama yale macho. Mtoto hakusema. Aliambiwa ni siri, naye aliitunza siri. Alikuwa anamsubiri mkubwa wake aseme.

Na mkubwa wake alitaka kunyamaza. Hilo alikiri bila kona. Aliwaza foleni ya watoto nje, akamwaza Doris. Aliwaza watu watakavyosema, mama mtu mzima amekosa akili. Kichwa kikamwambia, ni kikombe kimoja tu, Mungu atasaidia. Eliakim akaunganisha mpira wa hewa. Akasema, haya shujaa, tupulize puto letu. Na Fabian, kwa sababu yuko mapajani kwa bibi yake na haogopi tena, akainua uso mwenyewe kuifuata maski.

Mektrida akaweka kiganja chake katikati ya maski na uso wa mtoto.

"Ngoja mwanangu," akasema. "Amekunywa maziwa. Asubuhi hii. Nimempa mimi."

Eliakim akaishusha maski polepole. Anatuambia: "Kwanza nilitaka kukasirika, nisiseme uongo. Halafu nikamwangalia yule mama, kiganja chake bado kimekinga uso wa mtoto. Nikasema, asante mama. Nikarudia, asante. Kwa sababu angenyamaza sekunde chache tu, nisingejua hadi yatokee."

Wasikilizaji wapendwa, turudie ili wote tuelewe. Mtoto hakupasuliwa siku ile. Hakuna kilichompata. Hakuna kilichompata kwa sababu mtu mmoja alisema ukweli wakati ukweli ulikuwa bado una faida.

Lakini nje ya mlango ule hakukuwa na makofi. Kulikuwa na Doris. Alipoambiwa upasuaji umeahirishwa na sababu yake, alimgeukia mama yake mbele ya watu wote. Maneno yake anayakumbuka neno kwa neno, na yanamuuma hadi leo. "Mama, ulitaka kuniulia mtoto." Mektrida, yule mwenye mdomo mkali, alivua kofia ya hospitali, akaikunja, akamrudishia muuguzi, akaondoka kwa miguu kuelekea Uru.

Upasuaji ukapangwa tena, wiki kadhaa mbele. Katika wiki hizo Doris hakupanda Uru. Simu ya mama yake hakupokea. Mektrida alikamua ng'ombe wake kama kawaida, lakini maziwa aliyagawa yote kwa majirani. Wenseslaus anasema aliletewa maziwa mpaka akaogopa. "Nikamuuliza, mama, unahama? Akaniambia, chukua tu, sitaki kuyaona."

Kisha akafanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Alishuka mjini, akamtafuta Eliakim. Akamwambia, nieleze tena habari ya yule mlinzi wa koo. Eliakim akamweleza. Akasema, tena. Akaelezwa tena. Akauliza, na maji? Na chai ya rangi? Na mtoto anayenyonya? Eliakim akajibu yote: maji kidogo yanaruhusiwa mpaka saa fulani, maziwa ya mama yana muda wake, maziwa ya ng'ombe yanakaa tumboni muda mrefu kama chakula. Mektrida akasikiliza, kisha akamwuliza swali ambalo Eliakim anasema hajalisahau. "Sasa haya yote, kwa nini hamkuniambia kabla?"

Siku ya pili ya upasuaji ikafika. Jumanne tena. Doris alikwenda peke yake na mtoto. Safari hii hakumdanganya kuhusu picha, lakini alimwambia ukweli wakiwa tayari getini. Fabian akashika nondo za geti kwa mikono miwili. Ilibidi abebwe. Wodini akapiga mateke, akauma mkono wa muuguzi, akalia mpaka sauti ikakauka.

Eliakim akaja, akaangalia, akasema hapana. Akamweleza Doris kwamba mtoto anayepigana anaweza kulazwa kwa nguvu, lakini si vizuri. Anaingia usingizini na hofu, anaamka na hofu, na hofu hiyo anaweza kwenda nayo nyumbani, akakataa hospitali miaka mingi. Akauliza, "Yule bibi yuko wapi?"

Ngiri ilikuwa imeanza kuuma mara kwa mara wiki ile, uvimbe ulikuwa unachelewa kurudi. Wakiahirisha tena, hakuna ajuaye kitakachotokea. Lakini kumpigia mama yake, baada ya maneno yale? "Nilitoka nje," anasema Doris. "Nikasimama pale na simu. Nikaona aibu kuliko siku zote. Nikapiga. Alipopokea hata salamu sikutoa. Nilisema tu, mama, shuka."

Mektrida alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Alishuka vile vile alivyo, na mabuti ya shamba, na vipande vya majani kichwani. Alipokanyaga wodini wauguzi walitaka kumzuia kwa sababu ya matope. Eliakim akawaambia mwacheni, atavua.

Fabian alipomwona alinyamaza. Akauliza, "Bibi, umeniletea maziwa?"

"Sijakuletea," akasema Mektrida. "Leo hupati kitu, meku. Leo utalala, watakukata hapa, watakushona. Ukiamka patauma."

"Sana?"

"Unakumbuka ulipoanguka kwenye mparachichi?"

Fabian akafikiri. "Siku ile nililia."

"Na leo utalia. Lia tu, ukimaliza nyamaza. Nitakuwepo ukilala, nitakuwepo ukiamka. Nikikudanganya, usiniite tena bibi."

Fabian akaingia kwa miguu yake mwenyewe, amemshika bibi yake kidole. Akapuliza puto. Akalala. Upasuaji ulikwenda salama. Alipoamka alilia, kama alivyoahidiwa, kisha akaomba chipsi.

Na Doris na mama yake? Hawakuombana msamaha kwa maneno. Doris anasema hakujua aanzie wapi. Alimshonea mama yake gauni la kitenge, akampelekea Uru, akaliweka kitandani. Mektrida akalivaa Jumapili kanisani, akamwambia, mkono wa kushoto umebana. Wakarudi kuwa mama na mwana.

Jumanne iliyofuata Mektrida alishuka tena hospitali. Fabian alikuwa nyumbani, kidonda kinapona. Eliakim alipotoka kuita mgonjwa wa kwanza alimkuta amekaa kwenye benchi katikati ya akina mama na mabibi waliokuja na watoto wao. Akadhani amekuja kufuata dawa. Kumbe Mektrida alikuwa ameshaanza.

Swali lake halikuwa lile la wauguzi. Hakuuliza mtoto amekula au hajala. Alianza na habari yake mwenyewe. Anasalimia, anauliza mtu katoka wapi, ukoo gani, mvua ikoje huko. Kwa Kichagga kama mtu ni wa mlimani, kwa Kiswahili kama si wa huku. Kisha anasema, "Mimi wangu nilimpa maziwa. Wewe wako umempa nini?"

Na watu wakasema! Wapo waliotoa uji. Wapo waliotoa ndizi mbivu, kipande cha muwa, andazi njiani. Baba mmoja alimpa mtoto soda ili aache kulia. Wengi walikuwa hawajatoa kitu, nao walimwambia hivyo. Aliyetoa, Mektrida hakumgombeza. Alimshika mkono wakaenda pamoja kwa muuguzi, na mtoto akapangiwa saa nyingine au siku nyingine. Hospitali nayo ikajifunza kitu. Eliakim na wenzake wakaanza kuwaeleza wazazi sababu, siyo amri peke yake, na kumwita bibi kama yupo, kwa sababu mara nyingi mwenye sufuria nyumbani ni bibi.

Aliowagombeza ni waongo wa watoto. Ukimwambia mwanao mbele ya Mektrida kwamba mmekuja kununua viatu, umejitafutia. "Mwambie ukweli! Nani anauza viatu hapa?" Kisha yeye mwenyewe anainama kwa mtoto: utalala, utaamka, patauma kidogo, mama yako atakuwa hapa.

Si kila mtu alimpenda. Mama mmoja wa mjini alimwuliza, wewe ni nani unayeniuliza habari za mwanangu? Mlinzi mmoja mgeni alimfukuza kwenye benchi, wakagombana mpaka mganga mkuu akatoka. Siku nyingine mtu alimdanganya machoni, naye hakujua. Hakuwa malaika. Msimu wa kuchuma kahawa alikosa Jumanne kadhaa, na akirudi ana hasira kana kwamba wauguzi ndio walioipanda ile kahawa.

Fabian sasa ana miaka kumi na sita, yuko sekondari. Tulimwuliza anamkumbuka vipi bibi yake. Akacheka, macho yamejaa machozi. "Bibi hakuwa na mbambamba. Akisema patauma, patauma kweli. Ila akisema utaamka, unaamka. Yaani mimi nilikuwa namwamini kuliko mtu yeyote."

Mektrida alifariki Alhamisi, mchana, baada ya kuugua kifua kwa muda mfupi. Jumanne ya wiki ile alikuwa bado kwenye benchi, anakohoa. Wauguzi walimwambia akapumzike. Akawaambia atapumzika Jumatano.

Ukoo ukakaa. Watoto walioko mbali wanasubiriwa, jeneza linatengenezwa, padre ameulizwa nafasi yake. Mzee Yohana, shemeji wa marehemu na mkubwa wa ukoo, akatangaza: maziko Jumanne, hapo hapo kihambani, kwenye shamba la nyumbani, kando ya mumewe. Watu wakaitikia. Doris akasimama katikati ya wazee.

"Shikamoo baba. Naomba isiwe Jumanne," akasema. "Jumanne kuna watoto."

Mzee Yohana hakuelewa. Akamwuliza watoto gani. Doris akasema, wa hospitali. Pakawa na minong'ono. Mfiwa aache maiti ya mama yake ndani, ashuke mjini kukaa kwenye benchi? Ilionekana ni wazimu wa msiba. Mzee Yohana akamwambia, "Mwanangu, mama yako hawezi kwenda tena." Doris akasema, "Najua, baba. Nakwenda mimi."

Walibishana, hatutaficha. Wengine walinuna. Mwisho mzee Yohana akasema, basi Jumatano.

Jumanne asubuhi Doris akashuka na nguo zake za msiba. Akakaa mahali pa mama yake. Anasema alijisikia mjinga. Hajui aanze vipi, hana ule mdomo. Akaja bibi mmoja kutoka Sanya Juu, anaitwa Elisaria, amemshika mkono msichana mdogo anaitwa Kindness, miaka sita. Bibi huyo alikuwa amewahi kuja na mjukuu mwingine zamani. Akatazama benchi, akatazama huku na huku, akauliza, "Yule mama wa hapa yuko wapi leo?"

Doris akasema, "Amefariki, mama. Kesho tunamzika. Mimi ni binti yake."

Elisaria akakaa. Akamshika Doris mkono, akalia kidogo kwa sauti ya chini. Akajifuta kwa ncha ya kanga. Kisha akainama karibu na sikio lake.

"Basi nikuambie wewe," akasema. "Nimempa ndizi."

Kindness hakupasuliwa siku ile. Alipasuliwa Jumanne iliyofuata, na ameamka salama. Yuko nyumbani Sanya Juu.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote wanaofanya kipindi hiki tunampa pole Doris. Tunampa pole Fabian, meku wa Uru. Pole kwa mzee Yohana na ukoo mzima, pole kwa Wenseslaus aliyebaki bila jirani wa kugombana naye, pole kwa Eliakim na wauguzi wa wodi ya watoto. Mektrida amezikwa Jumatano kihambani kwake. Mungu ampumzishe.

Na wewe unayetusikiliza, ambaye wiki hii una mtoto anayesubiri kupasuliwa, kaa naye leo umweleze kinachokwenda kutokea. Usimwambie mnakwenda kwa shangazi. Waulize wataalamu sababu ya kila wanachokuagiza, wana wajibu wa kukueleza. Na kama mkono wako umeteleza, umemwonea mtoto huruma, umempa chochote, tafadhali sema. Hata kama umechelewa, hata kama mlango umeshafungwa, hata kama wote wanakutazama. Gonga, useme.